Wanatuuzia Simu Mbichi

Mstari ulikuwa wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea, umeshuka kutoka juu ya kioo hadi chini. Mdogo wangu aliamka nao asubuhi. Usiku simu ilijisasisha ikiwa kwenye chaji, na alipoishika kuangalia kama mteja wake wa Rongai ametuma pesa, mstari ulikuwa tayari umeingia. Hakuwa ameiangusha, wala haikuwa imeingia maji. Aliinunua mpya dukani, ikiwa na boksi na risiti, miezi 14 kabla ya asubuhi ile. Warantii ilikuwa ya miezi 12.

Kwenye kituo cha huduma alipanga foleni saa mbili nzima. Kijana wa kaunta akaigeuza simu mara moja, akasema labda aliikalia. Tukaenda Luthuli Avenue, Nairobi. Fundi tuliyempata, kwenye kibanda cha ghorofa ya pili kisichotosha watu watatu, hakuuliza lolote. Alivuta droo akatupangia mezani simu nne za aina ileile, kando ya hita na kopo la spiriti. Mbili zilikuwa na mstari wa kijani, moja wa waridi, na ya nne ilikuwa na mistari isiyohesabika. "Madam, wewe hukuiharibu," akamwambia mdogo wangu. "Hizi zilikuja hivyo."

Zilikuja hivyo. Neno hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaokesha kutazama uzinduzi wa simu. Napenda vitu hivi kweli. Februari au Machi jukwaa huwa Barcelona, Septemba huwa California, na katikati ya mwaka Samsung, Huawei na wengine hutafuta siku ya kumfunika mwenzao. Swali linalogombaniwa kwenye majukwaa hayo ni moja tu: nani wa kwanza? Wa kwanza kukunja kioo, wa kwanza kuifanya simu nyembamba kuliko zote, wa kwanza kuitia akili unde. Swali la kama kitu chenyewe kimeiva huachiwa mnunuzi. Msimamo wangu ni kwamba kuiva ndiyo kazi ngumu ya ubunifu. Kampuni iliyoonyesha kitu ambacho hakijaiva bado haijakibuni, imekitangaza tu.

Mwaka 2019 ulituonyesha jambo hili waziwazi kuliko mwaka mwingine wowote. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Royole, kampuni changa ya Shenzhen, China, ilitoa FlexPai, simu ya kukunja iliyowatangulia wakubwa wote. Samsung ilikuwa imeahidi simu ya aina hiyo kwa miaka. Februari 20, 2019 ikapanda jukwaani San Francisco na Galaxy Fold, bei dola 1,980. Siku nne baadaye, Barcelona, Huawei ikajibu kwa Mate X, yuro 2,299. Fold ilipangiwa kuingia madukani Aprili 26. Haikuingia. Katikati ya mwezi huo waandishi waliopewa simu za kujaribu walianza kuonyesha vioo vilivyokufa ndani ya siku mbili tatu. Wengine walikuwa wamebandua utando wa plastiki uliokuwa juu ya kioo wakidhani ni ile protekta inayokuja na simu mpya, kumbe utando ule ulikuwa sehemu ya kioo chenyewe. Nyingine ziliota uvimbe: chembe ilipenya kwenye uwazi wa bawaba, ikaingia chini ya kioo na kukisukuma juu.

Samsung ilikuwa na mashine iliyojengwa kuikunja na kuikunjua simu ile mara 200,000, na ilituonyesha video yake kwa fahari. Lakini mashine haina kucha. Haina mfuko wenye makombo ya mkate wala vumbi la barabara ya mtaani. Ilipima kukunja pekee kwa sababu kukunja ndiko kulikokuwa kwenye tangazo. Mtu yeyote wa Nairobi angeliona kosa hilo dakika ya kwanza, maana jambo la kwanza tunalofanya na simu mpya ni kubandua plastiki, na la pili ni kumwendea kijana wa Moi Avenue atubandikie protekta nyingine. Simu ambayo haiwezi kuvumilia mambo hayo mawili haijafika mwisho wa maabara, hata kama ina bei ya pikipiki mpya.

Julai mwaka huo DJ Koh, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha simu cha Samsung, alikiri mbele ya waandishi kwamba jambo lile lilikuwa aibu, na kwamba yeye ndiye aliyeisukuma simu itoke kabla haijawa tayari. Namheshimu kwa kusema hivyo, wakubwa wachache husema. Septemba simu ikarudi: utando umefichwa chini ya ukingo ili mtu asiubandue, ncha za bawaba zimezibwa, tabaka za chuma zimeongezwa chini ya kioo. Hesabu miezi. Kati ya simu mbichi na simu inayouzika palikuwa na miezi isiyofika mitano. Kampuni yenye utajiri ule ilikosa subira ya miezi mitano kwa sababu kulikuwa na mshindani siku nne nyuma yake.

Huawei nayo iliyaona yaliyompata mwenzake. Ikairudisha Mate X kwenye majaribio, tarehe ya Juni ikapita, ya Septemba ikapita, ikauzwa Novemba huko China pekee. Royole, iliyowashinda wote wawili kwa mbio, baadaye ilifilisika.

Samsung ilikuwa na sababu ya kujua zaidi ya kampuni yoyote. Agosti 2016 ilitoa Galaxy Note 7, wiki chache kabla ya iPhone 7 kutangazwa. Betri zikaanza kushika moto. Septemba 2 ikatangaza kuzirudisha simu milioni 2.5, ikawapa watu nyingine zenye betri kutoka kwa mtengenezaji wa pili, na hizo nazo zikawaka. Kufikia Oktoba 11 simu ilikuwa imeondolewa kabisa. Uchunguzi uliotolewa Januari 2017 ulieleza kwamba betri ya kwanza ilikuwa na kifuko kilichobana mno hadi pembe moja ya ndani ikapindika, na betri ya pili ilikuwa na vinundu vya kulehemu vilivyotoboa kilichopaswa kutenganisha pande mbili za betri. Kasoro ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi. Ya kwanza ilitokana na haraka ya kushindana. Ya pili ilitokana na haraka ya kurekebisha haraka ya kwanza.

Wapenzi wa Apple watasema hapo ndipo kampuni yao inapotofautiana na wengine. Wana hoja, nusu. Septemba 2017 Apple ilitangaza AirPower, mkeka wa kuchajia vifaa vitatu kwa pamoja bila waya, na Machi 2019 ikatangaza kwamba imeuacha kwa sababu haukufikia kiwango chake. Watu walicheka. Mimi niliona ni uamuzi mzuri kuliko bidhaa nyingi zilizotoka mwaka ule, na kwenye simu za kukunja Apple iliwaacha wenzake waungue vidole kwanza. Lakini kampuni hiyohiyo, ilipowaona wenzake wakijaza simu zao akili unde, ilishikwa na homa. Juni 2024 ilionyesha Siri mpya, msaidizi wake wa sauti, ambayo ingejua ratiba yako na jumbe zako na kukufanyia kazi ndani ya programu. Septemba iPhone 16 ikauzwa kwa matangazo ya uwezo huo. Machi 2025 ikasema sehemu hiyo itachelewa, tangazo moja likaondolewa. Aliyenunua simu ile kwa ajili ya Siri alikuwa amelipia ahadi.

Hivi ndivyo ubichi wa kisasa ulivyo. Zamani simu ikitoka na kasoro, ilitoka nayo ikabaki nayo, kwa hiyo kampuni iliogopa. Sasa kuna neno linaloponya kila kitu: sasisho. Kamera inatia ukungu? Litakuja sasisho. Simu inapata joto? Sasisho. Wanaotengeneza simu wanaishi kwenye nyumba zenye Wi-Fi isiyohesabika, na kwao kushusha gigabaiti mbili usiku si jambo. Kwa mama mboga anayenunua bando la siku, gigabaiti mbili ni pesa iliyotoka kwenye mtaji wa sukuma wiki. Kampuni ikimuuzia simu ambayo haijakamilika na kumwambia aikamilishe kwa bando lake, imemuuzia simu kwa bei moja na kumtoza nyingine kimyakimya. Na kama sasisho lenyewe ndilo lililoleta mstari wa kijani, amelipia ugonjwa.

Najua jibu linalotolewa. Bila mtu wa kuthubutu kwanza, hakuna kinachosonga mbele. Ni kweli, na sitaki kulipuuza. Fold ya kwanza ilizaa simu za kukunja imara zaidi, na uchunguzi wa Note 7 uliifanya Samsung iweke ukaguzi wa betri wa hatua nane. iPhone yenyewe ya mwaka 2007 haikuwa hata na uwezo wa kunakili na kubandika maandishi. Lakini kuna tofauti kati ya simu yenye mapungufu yanayoonekana na simu yenye kasoro iliyofichwa. Aliyenunua iPhone ya kwanza alijua haina hiki wala kile. Aliyenunua Note 7 hakuambiwa chochote kuhusu kile kifuko cha betri. Kuthubutu ni haki ya kampuni mradi hatari iwe yake. Inapohamishia hatari hiyo kwenye mfuko wa mtu mwingine bila kumwambia, jina lake linabadilika.

Na hatari hii haigawanywi sawa duniani. Mtu wa Seoul au New York simu ikimsumbua huirudisha dukani. Wiki mbili baadaye ana nyingine. Sisi hapa tunanunua simu kwa njia tatu nne, na kila njia inatuweka mbali zaidi na mtengenezaji. Kuna simu mpya za warantii ya mwaka mmoja, ambayo kituo cha huduma hutafuta kila sababu ya kuivunja. Kuna zile zinazoitwa Ex-UK, zilizotumika ng'ambo miaka miwili mitatu kabla ya kufika kwenye vibanda vya Tom Mboya Street. Hizo zinakuja na kasoro zilizokomaa, warantii imekwisha, na mwenye kibanda anakupa "wiki moja ya kujaribu". Na kuna simu za mkopo, za kulipia shilingi hamsini au mia kwa siku. Hizi ndizo zinazonisumbua usiku. Simu ya mkopo isipolipiwa hujifunga yenyewe. Sasa fikiria kioo kife mwezi wa tano, deni likiwa la mwaka mzima. Mwanaboda huyo anaendelea kulipia simu asiyoweza kuiona, na akiacha kulipa inafungwa. Mtengenezaji yuko Shenzhen, mkopeshaji anasema yeye ni mkopeshaji tu.

Nimemtaja mwanaboda kwa makusudi. Septemba 2021 Apple ilichapisha tahadhari kwa wateja wake kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia kwenye usukani hadi kwenye simu iliyofungwa hapo, unaweza kuharibu mfumo unaotuliza kamera isitetemeke. Kwa pikipiki ndogo ilishauri kifungio cha kupunguza mtikisiko. Nilisoma tahadhari ile nikiwa nimepakiwa kwenye boda, Ngong Road, simu ya dereva imefungwa kwa mpira kwenye usukani ikimwonyesha njia ya kwenda Lavington. Katika jiji hili simu kwenye usukani wa pikipiki ni ofisi ya mtu. Ndipo anapopokea wateja, ndipo anapolipwa. Kama simu haikufikiriwa kwa matumizi hayo, basi imeiva kwa watu fulani na ni mbichi kwa wengine, na boksi halisemi.

Mashindano ya wembamba yananipa wasiwasi uleule. Mwaka 2025 Samsung ilitoa Galaxy S25 Edge yenye unene wa milimita 5.8, na Septemba Apple ikaipiku na iPhone Air ya milimita 5.6. Ili kufika hapo Samsung iliweka betri ya mAh 3,900 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), wakati S25 Ultra ina 5,000. Sijawahi kumsikia mtu kwenye matatu akilalamika kwamba simu yake ni nene. Nimewasikia wengi, saa kumi na moja jioni, wakimwomba kondakta awachajie.

Waliosikiliza malalamiko ya aina hiyo walikuwa wengine. Nokia 1100 ya mwaka 2003 haikuwa ya kwanza kwa lolote la kujivunia jukwaani. Ilikuwa na tochi na betri ya siku nyingi, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na hapa kwetu simu za namna ile tukazipa jina letu, mulika mwizi. Halafu wakaja Transsion wa Shenzhen, wenye Tecno, Itel na Infinix. Waliona kwamba Mwafrika ana laini mbili au tatu kwa sababu kila mtandao una bei yake, wakampa nafasi za laini. Waliona kamera zinaigeuza ngozi nyeusi kuwa kivuli, wakazirekebisha kwa picha za watu weusi. Huo ni ubunifu ulioiva kabla ya kuuzwa, kwa sababu ulianzia kwa mtumiaji. Sisemi ni malaika. Simu nyingi za bei ya chini hutolewa na nafasi ndogo hivi kwamba WhatsApp na picha za mwaka mmoja huzijaza, zikaanza kukwama, na masasisho ya usalama huja kwa nadra au hukatika kabisa. Google na Samsung wameahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 na Galaxy S24, simu za wenye nazo. Simu ya shilingi elfu kumi, ambayo ndiyo benki ya mwenyewe, mara nyingi haina ahadi kama hiyo.

Hapa ndipo serikali yetu inapopaswa kuamka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahili, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tuna sheria ya kumlinda mlaji tangu 2012. Mwaka huohuo wa 2012 tulionyesha kwamba tunaweza kuchukua hatua: simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa kwenye mitandao, na watu walikuwa wakituma IMEI, nambari ya utambulisho wa kila simu, kwenda 1555 kujua kama simu yao ni halali. Tuliweza kumzimia mwananchi simu bandia, hatujawahi kumwajibisha mwenye simu halali iliyo mbovu. Ulaya, tangu Juni 20, 2025, simu janja inayouzwa huko lazima iwe na masasisho kwa miaka isiyopungua mitano na vipuri kwa miaka saba baada ya kuacha kuuzwa, na betri yake lazima ibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Kampuni ni zilezile. Kama zinaweza kuyafanya hayo kwa Mjerumani, zinaweza kuyafanya kwa mtu wa Kayole.

Mamlaka ya Mawasiliano tayari huidhinisha simu kabla hazijauzwa nchini. Nataka idhini hiyo iende mbali kidogo: boksi liandikwe masasisho yataisha mwaka gani, muagizaji aonyeshe vipuri viko wapi, na kasoro inayojirudia kwa simu za aina moja itengenezwe bure hata kama warantii imekwisha. Wala hatuwezi tena kusema simu ni mambo ya watu wa mbali. Tangu Oktoba 2023 kuna kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kilichoanza na simu ya shilingi 7,499. Tuna meza ya kukaa na watengenezaji. Tukae.

Mdogo wangu hakungoja hayo. Kioo kipya kingemgharimu zaidi ya nusu ya bei ya simu, kwa hiyo fundi alimtolea kingine kutoka kwenye simu iliyokufa bodi. Nilimtazama akiipasha joto kwa hita, akipitisha kadi nyembamba ya plastiki ukingoni, akiachanisha gundi taratibu kama mtu anayemenya yai. Dakika arobaini. Kioo kikawaka, safi. Mdogo wangu akauliza kitakaa muda gani, fundi akasema hawezi kumdanganya, ni cha aina ileile.

Kabla hatujaondoka alimwomba jambo moja zaidi: amzimie masasisho yote, simu isijisasishe tena kamwe. Fundi akaingia kwenye mipangilio bila hata kuangalia vizuri, vidole vimezoea njia, akayazima. Alituambia wateja wake wengi huomba hivyohivyo siku hizi. Ndani ya simu hiyo mna M-PESA yake, namba za wateja wake wote na picha ya kitambulisho chake.